Mwandiko wa Kinyume

Jirani yetu, mzee aliyechonga mhuri wa sarafu ya kumbukumbu ya siku tulipokabidhiwa nchi yetu, huandika kinyumenyume mpaka leo. Mhuri huchongwa hivyo ili sarafu isomeke sawa, na mkono wake umekataa kustaafu. Mkewe husoma orodha ya sokoni kwa kioo. "Mzee huyu atanitia wazimu," hulalamika, lakini kioo hakimtoki mkobani. Sarafu yenyewe mzee huishika ukingoni tu, kwa vidole viwili vyenye sugu, asije akaigusa bendera iliyochorwa usoni mwake. Jana nilimtania, "Mzee, mbona hukuchomeka jina lako hata kwa chini?" Akanitazama kana kwamba nimemtukana. "Tulikabidhiwa sote, mwanangu. Ningeandika langu, wangedhani nimekabidhiwa peke yangu."