Mkono wa Kushoto wa Gari Letu

Mkono wa kushoto wa gari letu haukuwahi kutoka wenyewe. Wa kulia ulikuwa mtiifu. Ukigeuza swichi ya dashibodi unasikia tak, na kijimkono chembamba chenye taa ya rangi ya chungwa kinachomoka kwenye nguzo nyuma ya mlango, kinanyooka kando ya gari, na aliye nyuma yako anajua unapinda. Ndivyo magari ya zamani yalivyoonyesha kabla ya hizi taa za kuwaka na kuzima. Wa kushoto, hapana. Uligeuza swichi, ukasikia kitu kikinung'unika ndani ya nguzo, na basi. Ili utoke, ilibidi aliyekaa kiti cha mbele cha abiria aipige nguzo ngumi kwa ndani, mahali pamoja tu, chini kidogo ya dari.

Aliyekaa hapo alikuwa mke wangu.

Nililinunua gari hilo kwa mwalimu mkuu aliyekuwa akistaafu kurudi kwao, mimi nikiwa karani wa reli na tukiwa tumepata nyumba hapa Mbotela, Nairobi. Ni gari dogo la Kiingereza, milango miwili, mgongo wa mviringo, na hata wakati huo lilikuwa zee. Mke wangu alitaka cherehani. Mimi nikaleta gari. Binti wa mchonga vinyago kutoka Ukambani hababaishwi na kitu kinachong'aa, naye alilizunguka mara moja, akaligusa gurudumu kwa ncha ya kiatu, akarudi ndani kupika.

Jumapili ya kwanza tulikwenda nalo kanisani na hakunisemesha njia nzima. Tulipofika kwenye kona nikageuza swichi, mkono ukanung'unika, nikageuza tena, na mwenye lori nyuma yetu akaanza kupiga honi na kututukana, mimi na gari langu. Mke wangu alikuwa amevumilia vya kutosha. Akakunja ngumi akaipiga ile nguzo kwa hasira zote za cherehani. Tak. Mkono ukatoka, umenyooka, taa inawaka.

Tulitazamana. Kisha akacheka mpaka akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwa.

"Kumbe linataka kupigwa," akasema. "Kama mwenyewe."

Tangu siku hiyo ikawa kazi yake. Mimi nasema, "Kushoto." Yeye anapiga. Mimi nasema, "Asante," macho yangu yakiwa barabarani. Hatukukaa chini tukakubaliana, ilianza tu kama vitu vingi vya ndoa vinavyoanza. Cherehani ilikuja baadaye, naye akashonea viti vya gari vitambaa vya maua ambavyo sikuvipenda na sikuthubutu kusema. Kuna wakati tuligombana tukanuniana siku nzima, na maneno pekee yaliyosikika kati yetu yakawa hayo: kushoto, ngumi, asante. Hata akiwa amenikasirikia vipi, hakuniacha nipinde bila mkono. Alipiga kwa nguvu zaidi, hilo nakubali.

Jirani yetu wa nyumba ya kona, mama mmoja wa kanisani mwenye goti bovu, alipopanda nasi alipewa kiti cha mbele kwa sababu ya goti. Basi mke wangu alimfundisha kutoka kiti cha nyuma. "Si hapo, mama. Juu kidogo. Usibembeleze, piga kama umeudhiwa." Yule mama alijifunza, na akawa hodari. Kwa miaka yote hiyo rangi ya nguzo ilichubuka mahali pa ngumi mpaka chuma kikaonekana, upana wa kifuniko cha chupa ya soda.

Mke wangu alifariki mwaka juzi. Tulimzika nyumbani kwetu Magharibi, nikarudi Nairobi peke yangu, maana watoto wana kazi zao na mimi sikuwa na hamu ya kukaa kijijini nikiangaliwa kama mgonjwa.

Mara ya kwanza kutoka na gari peke yangu nilifika kwenye kona nikageuza swichi nikasema, "Kushoto." Nilisema kwa sauti. Mkono ukanung'unika ndani ya nguzo. Nikaachia usukani mkono mmoja, nikajinyoosha kuifikia nguzo, gari likaelea upande na nikakosa kidogo kuubomoa mkokoteni uliobeba mitungi ya maji. Mwenyewe akaruka pembeni.

"Mzee, unalala ama?"

Nikamwomba radhi. Nikaenda mbele bila kupinda, na kuanzia hapo nikaacha kupinda kushoto.

Anayejua barabara zetu ataona huo ni upuuzi. Sisi huendesha upande wa kushoto, kwa hiyo kupinda kushoto ni kujichomeka tu, na kupinda kulia ndiko kwenye balaa, unangoja wanaokuja mbele wakuonee huruma. Mimi nikachagua balaa. Nilipokwenda kwa binti yangu anayekaa Mowlem niliipita njia ya kwake bila kupinda, nikaendelea mpaka kwenye mzunguko wa barabara, nikauzunguka wote, nikarudi, ili njia yake iwe upande wa kulia. Najua ningeweza kupinda bila kuonyesha chochote, kama nusu ya Nairobi. Niliwahi kujaribu. Niliona kama nimempita mtu anayenijua bila kumsalimu.

Kanisa liko kushoto na halina njia ya kulizunguka. Kanisani nikawa nakwenda kwa miguu. Kuna sehemu nyingine niliacha kabisa kwenda, na hakuna aliyeuliza, kwa hiyo ikawa rahisi. Upweke wangu ulikuwa namna hiyo. Sikulia sana. Nilipungukiwa tu na sehemu za kwenda.

Binti yangu aligundua siku niliyofika kwake chakula kimeshapoa.

"Baba, umepitia wapi?"

Nikamweleza, na kwa sababu ni yeye nikamweleza yote, mzunguko na mkokoteni. Alicheka. Ana kicheko cha mama yake. Halafu akachukua sahani yangu kwenda kuipasha moto, na akakaa jikoni muda mrefu kuliko chakula kinavyohitaji. Aliporudi alikuwa ameshakata kauli.

"Hilo gari litatengenezwa, Baba. Lote. Mimi nitalipia. Ama hivyo, ama uliegeshe. Siku moja utagongwa ukitafuta upande wa kulia."

Alinipeleka kwa fundi anayesifika kwa magari ya kale, ana gereji ya wazi karibu na Mukuru kwa Njenga, mahali wafanyakazi wa viwandani wanapita kwa miguu mchana kutwa na kila mmoja ana maoni kuhusu gari lako. Fundi ni mtu mzima mwenye kitambi na mikono ya taratibu. Alilizunguka gari kama mke wangu alivyolizunguka, ila yeye alilipenda.

"Mzee, hii gari ni noma. Lakini hizi mikono tutoe," akasema. "Tunaweka indiketa za kawaida, mbele na nyuma. Hizi mashimo tunaziba na puti, tunapuliza rangi, hakuna mtu atajua."

"Mimi nitajua."

"Na hii ya left hata haifanyi."

"Inafanya," nikamwambia. "Inataka mtu."

Fundi akamtazama binti yangu. Binti yangu akatazama chini, akachezea funguo zake.

"Mtu hayuko, Baba," akasema.

Hakusema kwa ubaya. Lakini tangu mazishi hakuna aliyekuwa amelisema jambo hilo mbele yangu bila kulizungushia maneno ya Biblia, na lilinipata mahali pabaya. Nikapandisha sauti, jambo ambalo si kawaida yangu hadharani. Nikawaambia injini fanyeni, breki fanyeni, viti shoneni mnavyotaka, lakini mikono haitoki kwenye gari hili, na anayetaka kuitoa anitoe mimi kwanza. Wapita njia wawili wakasimama kutazama. Fundi akainua viganja vyake vyenye grisi.

"Sawa, mzee. Sawa. Zitabaki."

"Basi ibaki," binti yangu akamwambia, "lakini ifanye kazi."

Mimi nilisikia ile nusu ya kwanza tu. Nilikuwa nimeshinda.

Gari lilikaa kwa fundi muda mrefu. Mbele ya nyumba kulibaki doa la mafuta ambapo lilikuwa likisimama, na majirani wakaanza kuniuliza, "Mzee, umeuza?" Nikawajibu linatengenezwa, wakasema haya, kwa ile sauti ya kumwitikia mtu aliyefiwa. Nilikaa mlangoni nikilinda doa. Nilikuwa nikijiambia kwamba mradi nguzo ile ipo na mkono umo ndani umekwama, kuna kitu kimoja duniani ambacho bado kinamngoja kama ninavyomngoja mimi. Ni wazo la kijinga na nililijua ni la kijinga, lakini lilinisaidia kulala.

Siku ya kulichukua nilikuta gari kama lilivyotoka kiwandani. Rangi ya maziwa, nje na ndani, bampa zinang'aa. Fundi alinisubiri akiwa amevaa shati safi. Akaniketisha kwenye usukani, akasimama nje upande wa kushoto akikunja mikono kifuani.

"Haya mzee, weka left."

Nikageuza swichi. Tak. Mkono ukatoka, laini, umenyooka, taa inawaka. Kiti cha abiria hakikuwa na mtu.

"Ilikuwa tu uchafu na kutu," fundi akasema, na uso wake wote ukawa furaha. "Niliifungua yote, nikaisafisha, nikanyoosha kachuma fulani kalikuwa kamepinda. Saa hii inafanya kushinda ile ingine."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kila kitu. Nilikuwa nimekuja na maneno ya kumwambia kama angekuwa ameziba shimo, kama angekuwa ameweka mkono wa bandia. Sikuwa nimejiandaa kwa mtu aliyeutengeneza. Nikatazama nguzo kwa ndani. Pale palipochubuka pamepulizwa rangi, pamelainishwa, huwezi kujua paliwahi kuguswa.

"Unaweza kuurudisha vile ulivyokuwa?" nikamuuliza.

"Vile ulikuwa? Mzee, ulikuwa umekwama."

"Najua."

Alinitazama vizuri. "Unataka niukwamishe?"

Nikamwambia natania. Nikamshukuru, nikamshika mkono, kwa sababu kazi yake ilikuwa nzuri na hakuwa na kosa lolote. Binti yangu nilimpigia simu nikamwambia limependeza. Alifurahi mpaka nikaogopa atasikia kwenye pumzi yangu kwamba mimi sikufurahi.

Nikaendesha kurudi nyumbani nikapinda kushoto kila nilipotakiwa kupinda. Kila kona, tak, mkono ukatoka wenyewe. Kwenye kona moja ulimi ukaniponyoka nikasema asante, na nikaona haya kama mtu aliyeropoka mbele za watu. Kwa miaka mingi nilidhani gari linamhitaji. Kumbe ilikuwa kutu. Nilifika nyumbani, nikaliegesha juu ya doa lake, nikabaki ndani mpaka kukawa giza.

Sikulitoa tena hadi Jumapili moja ya mvua. Nilikuwa nimevaa koti niende kanisani kwa miguu kama nilivyozoea, nikamwona yule mama wa nyumba ya kona amesimama barazani kwake, mwavuli mkononi, akilitazama tope na kulitazama goti lake. Sikuwa na njia. Nikawasha gari.

Alipanda polepole, akakaa kiti cha mbele, akaweka mkoba na Biblia mapajani. Akasifu rangi. Akasema vitambaa vya maua havipo, nikasema fundi aliona vimechakaa, akasema, "Haya." Tukaenda hivyo, mvua ikipiga kioo.

Kwenye kona ya kanisa nikageuza swichi, na kwa mazoea nikasema, "Kushoto."

Ngumi ikapigwa kwenye nguzo, kavu, mahali penyewe, chini kidogo ya dari. Mkono ulikuwa umeshatoka. Nilikuwa nimeusikia. Yeye, na umri wake na mvua ile, hakusikia, akageuka kuchungulia kiooni akauona umenyooka.

"Mkono bado unanisikiliza," akasema akiwa ameridhika.

"Asante," nikasema. Sauti ilitoka vibaya. Akanitazama, kisha akaangalia mbele, akaanza kufungua mkoba wake kutafuta kitu ambacho nadhani hakikuwamo.

Sikumwambia mkono umepona. Jumapili zote tangu hapo nampitia, mvua ikinyesha isinyeshe, nasema neno langu naye anapiga, na mkono ambao umeshatoka unatoka. Siku nyingine zote za wiki naendesha peke yangu.

Siku ile ya mvua tuliporudi, na yeye akiwa ameshaingia kwake, niliona kwenye rangi mpya ya nguzo doa dogo la mafuta ya kujipaka, vifundo vya vidole vinne. Si vya mke wangu. Lakini mahali ni pale pale alipomwonyesha. Gari hili naliosha kila Jumamosi, nje na ndani, napangusa mpaka chini ya viti. Hapo napaacha.