Tulivyopanga Foleni na Meneja Wetu

Siku yangu ya kwanza katika kiwanda cha magodoro huko Mobeni, Durban, sikugusa kitu. Msimamizi wa ushonaji, Mama Zainabu, alinisimamisha kando ya mashine ya ukingo akaniambia nitazame tu. Mashine hiyo ndiyo inayofunga godoro: springi na sponji zikishavalishwa kitambaa, fundi hushona utepe kuzunguka pembeni, juu kisha chini. Pembe ndiyo mtihani. Ukiharakisha, kitambaa kinakunjamana.

"Huko kwenu ulifanya kazi gani?" aliniuliza. Alikuwa mzaliwa wa Chatsworth, wa wale Wazanzibari wa Durban, na Kiswahili chake alikirithi kwa bibi yake.

"Fundi cherehani, Bujumbura."

"Basi sahau cherehani. Hapa godoro ni zito kuliko wewe. Usilivute, liongoze."

Nikaliongoza kwa miaka mingi. Nilipanda kutoka msaidizi hadi fundi wa ukingo, halafu mkaguzi, yaani mtu wa mwisho kulipapasa godoro kabla ya kuvishwa nailoni. Juu yetu sote alikuwepo meneja wa uzalishaji, Mhindi mnyamavu aliyepita kila asubuhi mikono nyuma. Kazi ikimpendeza alisema "Sharp," akaendelea na safari yake.

Kisha magodoro ya bei rahisi kutoka nje yakajaa madukani. Meneja alitukusanya akatusomea karatasi bila kuinua macho. Kiwanda kinafungwa.

Kesho yake niliamka nikavaa ovaroli. Mke wangu Godelive akanitazama nikifunga vifungo.

"Baba Aline, unaenda wapi?"

Nilikaa kitandani. Mtu aliyezoea kazi akikosa pa kwenda, hata mikono yake humsumbua. Nilishinda hivyo siku kadhaa, mpaka Godelive akachoka.

"Kila mwezi walikuwa wanakukata ya UIF," alisema. "Hayo makato iko ya kazi gani, kama si ya siku kama hii?"

UIF ni bima ya kukosa kazi. Mfanyakazi anachangia, mwajiri anachangia, na ukiachishwa unalipwa sehemu ya mshahara kwa muda. Anayeacha kazi kwa hiari yake kwa kawaida hapati, na ukichelewa mno kudai, haki inakupita. Nikampigia simu Mama Zainabu twende pamoja. Akakataa.

"Sijawahi kuomba sadaka, Evariste. Siendi kuanza uzeeni."

"Mama, si sadaka. Ukilipia bima ya mazishi, siku ya msiba unaona haya kuidai?"

Akauliza tu: "Kesho saa ngapi?"

Dai lake lilipita bila shida. Langu likakwama. Karani aliingiza namba ya kibali changu cha ukimbizi, kompyuta isinitambue.

"Mwajiri wako alituma namba isiyo sahihi, baba. Lazima wairekebishe wao."

"Kiwanda kimefungwa."

Akainua mabega. Wenzangu wengi wenye vibali walikata tamaa hapo hapo. Nami nilikuwa nimeshageuka kuondoka, Mama Zainabu akanishika mkono.

"Kilichofungwa ni kiwanda. Meneja yupo, na mimi najua anakokaa."

Meneja alitufungulia mlango mwenyewe, miguuni ndala, kidevu hakijanyolewa. Mkewe akatuwekea chai jikoni. Nilipomweleza, aliitandaza mezani fomu ya mwajiri niliyotoka nayo ofisini akaandika upya namba yangu, akainong'ona tarakimu moja moja.

"Bado nina ruhusa ya kusaini mpaka mwisho wa mwezi," alisema, akasaini. Lakini karatasi hakunirudishia. Aliishika tu. "Pale ofisini, mlianzia dirisha gani?"

"Kwa ajili ya nani, bosi?"

"Yangu. Nimepoteza kazi kama nyinyi. Mke wangu ananihimiza niende, nami nazunguka uani."

Mama Zainabu akamsogezea kikombe. "Unaacha chai yako ipoe kabisa, bosi? Kunywa. Jumatatu tutakupitia."

Jumatatu hiyo tulisimama kwenye foleni, meneja katikati yetu. Mwanzoni aliinamisha kichwa kila alipopita mtu wa Mobeni. Vijana wawili wa sehemu ya sponji wakamwamkia kwa heshima ile ile ya kiwandani, wakamwomba awasomee barua zao. Akawasomea, kisha wengine wakaja. Tulipofika dirishani alikuwa amenyooka mgongo.

Dai langu likakubaliwa. Malipo yalichelewa, lakini yalikuja, yakatushikilia nyumba. Na kwenye foleni hiyo hiyo mtu wa nyuma yangu aliniambia kwamba karibu na stendi ya Warwick wanatafuta fundi wa kushona viti vya teksi. Nilianza huko kabla malipo hayajaisha, nikashona mpaka macho yangu yalipoomba kupumzika.

Sasa nimestaafu. Nikiwaza kazi zote nilizofanya, naona zile siku za kukosa kazi nazo zilikuwa kazi, zenye ufundi wake. Mwezi uliopita kijana wa kanisani kwetu aliachishwa kwenye ghala. Alikuja kwangu, akazungumza habari za mpira muda mrefu kabla ya kusema lililomleta.

"Eish, mzee, naona haya kusimama foleni ya UIF watu wote wakiniona."

"Acha wakuone," nilimwambia. "Asiyejua kwamba unatafuta kazi atakuitaje kazini?"

Nikachukua koti langu, tukaenda.