Nani Apewe Medali

Nikisikia watu wanabishana juu ya mchezaji bora, damu inanichemka. Huyu anahesabu magoli, yule anasifu chenga, wa tatu anataja mpaka namna ya kuchana nywele. Hakuna anayefikiria kuwauliza wale waliomkabili uwanjani, waliomkimbiza mpaka pumzi ikawaishia. Jambo hili nalijua vizuri, kwa sababu katika koleji yetu ya mapadri, enzi za Wabelgiji, mji huu wa Katanga ulipokuwa bado unaitwa Élisabethville, mimi ndiye niliyebadilisha namna ya kuchagua. Nasema hivyo bila haya. Wapo wazee wenzangu hapa wanaojisifu kwa mambo madogo zaidi.

Kila mwaka, kabla ya likizo kubwa, padri msimamizi wa michezo alitoa medali ya shaba kwa mchezaji bora wa koleji. Ilitengenezwa na fundi mmoja wa kiwandani, kwa shaba ya hapahapa, nzito, yenye utepe wa bluu. Padri alichagua peke yake. Alikuwa Mbelgiji, mtu mwema, aliyezoea kukunja kanzu yake na kuibana kwenye mkanda ili akimbie nasi. Lakini macho yake yalikuwa na kasoro moja: yalimwona vizuri zaidi mwanafunzi anayejua Kifaransa. Mwaka mmoja medali ilikwenda kwa winga aliyeogopa kupiga mpira wa kichwa asije akaharibu nywele alizozichana. Kifaransa chake kilikuwa kizuri mno, hilo silikatai.

Mimi nilikuwa mkubwa kuliko wote katika timu. Nilichelewa kuanza shule, kwa sababu baba yangu, aliyetoka kaskazini ya Katanga kuja kufanya kazi ya reli, alihamishwa kituo hiki hadi kile kabla ya kutulia hapa mjini, mtaa wa Kamalondo. Nilikuwa nanyoa ndevu wakati wenzangu wengine sauti zao bado nyembamba. Wote waliniita yaya, kama mtu anavyomwita ndugu yake mkubwa. Nilikuwa kapiteni na beki wa kati. Nilikuwa mchezaji mzuri. Sikuwa mzuri sana, nilikuwa mzuri tu, na ilinichukua miaka mingi kuweza kulitamka hilo mbele ya watu.

Mwaka ule ulikuwa wangu wa mwisho, na niliitaka medali ile kuliko cheti chenyewe. Baba alikuwa ameshawatangazia wenzake wote wa karakana ya reli.

"Mutoto yangu njo kapiteni," aliwaambia, na njo kwetu ni ndiye. "Mwaka hii medali inakuya ku nyumba yangu."

Tena alikuwa amepigilia msumari ukutani, chini kidogo ya msalaba, mahali pa kuitundika. Kila nilipoingia ndani nilikuta msumari ule mtupu unanitazama.

Basi nikaenda kwa padri. Nilichukua wenzangu wawili, lakini maneno yalikuwa yangu.

"Mon Père," nilimwambia, "hii medali haiko ya Français, iko ya mupira. Acha bale banachezaka mupira bachague benyewe."

Wenzangu walitazama chini, wakingojea adhabu. Padri alikuna ndevu zake, akacheka, akakubali. Kila mmoja wa wachezaji kumi na mmoja ataandika jina moja kwenye karatasi, ataikunja, ataitia katika kofia nyeupe ya jua ya padri. Nilitoka ofisini kwake kifua mbele. Siku nzima nilitembea koleji kana kwamba nimeijenga mimi.

Sikuona kosa lililokuwa ndani ya shauri langu, na padri hangeweza kuliona kabisa. Yeye aliuliza: ni nani bora kati yenu? Lakini vijana wale walilelewa kama nilivyolelewa mimi. Nyumbani kwetu chakula kinaanza kwa mkubwa, salamu zinaanza kwa mkubwa, na mtu hawezi kumtaja mdogo mbele ya mkubwa wake bila kumvunjia heshima. Kuandika jina la mdogo wakati yaya yupo ni kumwambia yaya hafai, tena mbele ya Wazungu. Hakuna aliyepanga njama. Hata gizani wangeandika vilevile. Kati ya wote kumi na mmoja, mtu pekee asiyekuwa na mkubwa juu yake nilikuwa mimi. Mimi peke yangu nilikuwa huru kuandika ukweli.

Na ukweli tuliujua wote. Mchezaji bora alikuwa golikipa wetu, kijana wa Kasenga, kule kwa wavuvi, mdogo kuliko sote, mkimya, mwenye viganja vipana kama sahani. Tulimtania kwamba kwao amezoea kushika samaki wenye utelezi, ndiyo maana mpira mkavu haumsumbui. Alicheka tu. Mimi nilisimama mbele yake mwaka mzima, nikipitwa na washambuliaji mara nyingi kuliko nilivyokiri, na kila nilipogeuka kwa hofu nilikuta mpira umetulia kifuani pake. Sifa za beki imara nilizopata mwaka ule, nusu zilikuwa zake.

Nilishika kalamu, nikamfikiria yeye. Halafu nikafikiria msumari wa baba. Nikaandika jina langu mwenyewe.

Siku ya zawadi ilikuwa Jumapili, baada ya misa, katika uwanja wa koleji. Wazazi walikaa kwenye mabenchi ya darasani. Timu ya shule ya ufundi, ambayo tulikuwa tumeifunga kwa shida katika mechi ya mwisho, ilialikwa kunywa limonadi pamoja nasi. Baba yangu alikuwa mstari wa mbele, na tai shingoni, tai ya kuazima, iliyofungwa vibaya. Padri alifungua karatasi ya kwanza, akasoma jina langu. Akafungua ya pili, jina langu. Ya tatu, ya nne, ya tano. Alisoma kwa furaha, akidhani ameshuhudia upendo mkubwa wa Kikristo. Alipofika ya kumi na moja, ya mwisho, akasoma jina langu tena, watu wakapiga makofi.

Aliyepiga makofi kwa nguvu kuliko wote alikuwa golikipa. Nilimwona. Alikuwa anafurahi kweli, bila kinyongo hata chembe, na vile viganja vyake vilisikika juu ya vya wengine wote. Nikaona aibu. Padri alikuwa ameshashika utepe, anangojea niinamishe kichwa, na baba alikuwa amesimama ili aone vizuri.

"Mon Père, ngoja," nikasema. "Tumekosa. Hawa bote baliandika mukubwa wabo. Habakuandika mucheza-mupira."

Makofi yalikatika. Padri aliniuliza kwa sauti ya chini kama ninaumwa.

"Siko mugonjwa," nikasema. "Uliza bale tulichezaka nabo. Bale njo banajua."

Nilinyoosha mkono kuelekea benchi la shule ya ufundi. Padri alisita, halafu akamgeukia mshambuliaji wao wa kati, kijana mrefu ambaye miguu yangu inamkumbuka mpaka leo, akamuuliza ni nani katika timu yetu aliyemtesa zaidi. Yule hakuinuka hata kidogo. Alielekeza chupa yake ya limonadi moja kwa moja kwa golikipa.

"Ule wa Kasenga," akasema. "Siku ile nilipiga mupira, nikaanza kushangilia goli. Kuangalia vile, mupira iko mu mikono yake. Mpaka leo sijue ilifika pale namna gani."

Benchi lote la shule ya ufundi likaitikia. Mmoja akasema alitaka kumshitaki kwa mapolisi. Watu wakacheka, na padri akacheka nao, uso umemwiva kama nyanya. Akamwita golikipa aje mbele. Golikipa alikuja, lakini alipoona medali akaficha mikono mgongoni.

"Hapana, yaya," aliniambia mimi, siyo padri. "Siwezi kutwaa kitu ya mukubwa."

Wazazi wengi wakatikisa vichwa kumkubalia. Alikuwa amelelewa vizuri, na kila mtu pale aliona hivyo. Padri alikuwa anatutazama kwa zamu, haelewi tena sherehe yake imefika wapi. Nikachukua medali mkononi mwake.

"Miye njo mukubwa, ao hapana?" nikamuuliza golikipa, kwa ile sauti ya kapiteni.

"Njo weye, yaya."

"Basi mukubwa anakuambia: leta kichwa."

Akainamisha kichwa. Nikamvika. Sijui nielezee vipi nilivyojisikia, ila ningekuwa na vifungo kifuani vingekatika. Tangu mwaka ule padri aliwaandikia barua walimu wa shule tulizocheza nazo, akiwaomba wachezaji wao wamtaje aliyewapa taabu zaidi, na medali ikatolewa hivyo mpaka koleji ikabadilisha wakubwa. Washambuliaji waliokuwa na makelele hawakuipenda njia hiyo. Mabeki na makipa waliipenda sana, na mimi mpaka leo sijaona nyingine iliyo bora.

Kurudi nyumbani, baba alitangulia mbele yangu. Alikuwa amevua tai na kuitia mfukoni. Tulipoingia mitaa ya Kamalondo, fundi cherehani mmoja, rafiki yake, alimwita kutoka mlangoni.

"Na ile medali? Iko wapi?"

"Imeenda Kasenga," baba akajibu, bila kusimama.

Mama alikuwa ametuandalia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, na samaki. Mimi, tangu nikiwa mdogo, ndiye niliyekuwa nikimmwagia baba maji ya kunawa kabla ya chakula. Ni kazi ya mtoto, na ndevu zangu hazikuwahi kunitoa katika kazi hiyo. Nikachukua jagi. Baba akalishika, akalivuta polepole mpaka nikaliachia. Akasogeza beseni mbele yangu, akainua jagi, akangojea mikono yangu. Mama akaacha kupakua.

Maji yalianguka kwenye vidole vyangu na nikashindwa kuvumilia.

"Baba," nikasema. "Karatasi moja niliandika miye mwenyewe. Jina yangu."

Hakuacha kumwaga.

"Minajua," akasema. "Nilihesabu. Leta mukono ingine."