Jina Jipya, Mbao Kuukuu

Mwaka 1974, Ngolo, mfugaji wa Usangu, aliapa kutorudi nyumbani bila gramafoni. Pale Uyole, dereva mmoja wa lori alimwonyesha moja iliyotumika, akasema ni kazi halisi ya Mjerumani. Ilipiga santuri vizuri, lakini Ngolo hakuwa na haraka. Aliinama akaikagua kama ng'ombe wa mnadani. Mbao ilikuwa imepauka na kuchubuka kila upande. Kibao cha jina la Kijerumani peke yake ndicho kilichong'aa, na gundi yake bado ilinata kidoleni.

"Nitakupunguzia, mzee," dereva alisema.

"Kwetu," Ngolo akajibu, "ng'ombe mzee mwenye alama mbichi ya moto hatuulizi bei yake. Tunauliza katoka zizi gani."