Mwalimu Mkuu Kati ya Majogoo

Waliofanya kazi naye walimwita Polepole, na hakulichukia jina hilo. Kabla hajatamka kwamba kazi imekwisha, alikuwa ameijaribu, ameivunja na ameijenga upya. Katika chumba chenye meza mbili na feni iliyolalamika kila ilipogeuka, yeye aliandika amri za michezo ya kompyuta. Shemeji yake, mume wa mdogo wake, alichora viumbe waliomo.

Siku hiyo mama mmoja, Mwalimu Mkuu wa shule, alikuja kukagua mchezo wa shamba alioagiza kwa ajili ya wanafunzi wake. Akiukubali, wangekuwa wamepata mteja wao wa kwanza; akiukataa, Polepole angerudi dukani kwa kaka yake kuuza misumari, jambo aliloapa hatalifanya tena. Asubuhi hiyo hiyo shemeji, kwa kutaka kumfurahisha mgeni, alimchora mama huyo mwenyewe awe mwenye shamba: miwani, kilemba na mkoba mweusi. Polepole hakupata nafasi ya kuijaribu sura hiyo.

"Huyo mimi kabisa," alisema Mwalimu Mkuu, akijizuia asitabasamu.

Jua la mchezo likazama. Hapo amri ya Polepole ikaanza kazi: tafuta kila kiumbe wa aina ya kuku, popote alipo shambani, umpeleke bandani. Kuku wakajipanga. Nyuma yao, mkoba kwapani, akafuata Mwalimu Mkuu. Akainama mlangoni, akaingia, akatulia kichanjani kati ya majogoo wawili.

Polepole alimgeukia shemeji yake.

"Shemeji," alinong'ona, "huyu mama ni aina gani?"

"Si mtu?"

"Usiniulize mimi. Wewe ndiye uliyemzaa."

Akaiuliza kompyuta. Ikajibu: kuku.

Shemeji alijishika kichwa. "Nilinakili kuku mmoja, maana alikwisha kujua kutembea. Nikambadilisha sura na jina. Aina nikaisahau."

"Yaani," alisema Mwalimu Mkuu taratibu, "miwani yangu mmemvika kuku."

Amri haikukosea hata chembe; iliagizwa kuku, ikawakusanya wote. Maji yalikwisha kumwagika. Polepole alibadilisha neno moja tu, "kuku" likawa "mtu", akalirudisha jua juu, kisha akaliacha lizame tena. Kuku wakaingia. Mama akabaki uani, mlango wa banda ukiwa wazi mbele yake.

Mwalimu Mkuu aliutazama mlango ule.

"Kicheche akija, nani ataufunga?"

"Hilo hatukulifikiria, mwalimu."

"Basi lifikirieni. Nifundisheni kuufunga, kisha mchezo muulete shuleni wiki ijayo."

Mgeni alichukua mkoba wake mweusi, akaubana kwapani. Mlango wa chumba ulikuwa mrefu, lakini alipotoka aliinama.