Wapagazi Kumi na Wawili wa Meza ya Vita

Wale wapagazi kumi na wawili wasio na vichwa niliwatengeneza mimi. Nimelikana jambo hili mbele ya tajiri wangu, mbele ya baba yangu na, kwa barua iliyopigwa chapa vizuri, mbele ya jumba moja la makumbusho Ulaya. Sasa nimestaafu ualimu mapema, kwa sababu za kiafya ambazo mume wangu huziita uvivu, na vijana mnaniuliza kazi yangu ya kwanza ilikuwa ipi. Siwezi kuieleza bila kuanza na uongo wangu.

Ilikuwa katikati ya miaka ya hamsini. Nilikuwa nimemaliza shule ya kati, nikaajiriwa karani katika shamba la mkonge nje ya Tanga. Siku ya kwanza nilijiona waziri. Bwana Meneja, Mwingereza mrefu aliyewahi kuwa kapteni jeshini, alitazama mwandiko wangu, akatazama vidole vyangu, akanipeleka stoo ya zamani ya nyuzi. Humo mlikuwa na meza pana kuliko chumba chetu cha mtaa wa Mabawa, na juu yake vijiaskari vya madini ya risasi, kila mmoja kimo chake pingili ya kidole gumba. Kila Jumamosi mchana yeye na Bwana Mkaguzi wa Reli walipigana upya vita vya Mjerumani na Mwingereza vya hapa hapa Tanga, kwa rula na dadu.

"Binti," alisema, "askari ninao. Nchi sina."

Kazi yangu ikawa kutengeneza nchi. Malighafi yetu ilikuwa treni za watoto, za bati, za bei rahisi, zilizouzwa kwenye maduka ya Ngamiani zikiwa na ufunguo ubavuni na rangi nyekundu kama peremende. Mabati hayo hushikana kwa vijimeno vilivyokunjwa. Unavifungua kwa ncha ya kisu, polepole, maana vikikatika hakuna dawa. Unatoa springi. Unasugua rangi kwa msasa na mafuta ya taa. Injini unaifunika sahani za bati mpaka iwe ya kivita. Behewa ukiling'oa magurudumu na kuliezeka vipande vya makuti linakuwa ghala; ukilipindua, daraja. Tuta la reli nililijenga kwa vumbi la mbao na gundi ya unga wa muhogo, udongo ukawa machicha ya kahawa yaliyokaushwa, na majani yakawa nyuzi za mkonge zilizotiwa rangi ya kijani.

Nilipomaliza injini ya kwanza iling'aa. Bwana Meneja aliigeuza mkononi, akanirudishia.

"Bado inanuka duka."

"Nimeisugua siku mbili, Bwana."

"Umeipendezesha. Mimi nataka iliyochoka."

Niliichosha kwa masizi na kutu ya misumari mpaka akaridhika. Kisha akaniazima kwa Bwana Mkaguzi, mtu mfupi mwenye hasira fupi, anifundishe njia ya reli inavyolala. "Kona gani hii?" alifoka siku ya kwanza. "Abiria wako wamekufa wote kabla ya vita!" Kwake nilijifunza kwamba treni haipindi kama baiskeli. Nilifurahi kupita kiasi. Mpaka leo nikiona bati lililotupwa, vidole vinaniwasha.

Lililonitia matatani ni swali. Kwenye mchezo, mizinga na masanduku ya risasi yalisogea pamoja na jeshi, hivi hivi, kama mawingu.

"Bwana, mizigo hii anaibeba nani?"

"Inajulikana tu kwamba inabebwa."

Kwetu haikujulikana tu. Baba wa baba yangu alichukuliwa kubeba mizigo katika vita hivyo hivyo, akaondoka na mkeka wake, hakurudi. Hitima yake ilisomwa bila kaburi.

Nikaanza kuwasuka wapagazi kwa waya na uzi uliokazwa kwa gundi, na mizigo kwa mabaki ya mabehewa. Lakini Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na chuoni alitufundisha kuwa kuumba sanamu ya kiumbe mwenye roho ni haramu. Alituambia pia kwamba wapo wanazuoni wasemao sanamu isiyo na kichwa ni sawa na mti. Niliukamata upenyo huo kama wakili: mizigo niliiweka moja kwa moja juu ya mabega. Jumamosi nikawapanga kando ya reli.

"Nani kaleta hawa?" aliuliza Bwana Meneja.

"Sijui, Bwana. Labda walikuwamo sandukuni."

Alinitazama sana. Halafu akatunga kanuni mpya: mzinga hauruhusiwi kupiga bila mpagazi kando yake. Bwana Mkaguzi alishindwa siku hiyo. "Mizinga yangu imefungwa mdomo na waya!" alilalamika.

Habari zilifika Mabawa zikiwa zimenenepa: binti wa Mwalimu anachonga masanamu kwa Mzungu. Baba hakunigombeza. Jumamosi iliyofuata alikuja shambani kwa baiskeli. Kama angeniona muasi, kazi ingeisha siku ile, na pengine matumaini ya kuendelea na masomo pia. Lakini nilichokiogopa zaidi ni uso wake. Bwana Meneja, ambaye sikuwahi kumsikia akimwamkia mtu, alisema, "Shikamoo, Mwalimu."

Baba aliizunguka meza, akasimama penye reli. "Hawa nani?"

"Wapagazi," Bwana Meneja alijibu.

"Nani kawafanya?" Alikuwa akiniuliza mimi.

"Sijui, Baba. Niliwakuta."

Aliinama mpaka ndevu zikakaribia tuta. "Wanakwenda wapi?"

"Wanafuata jeshi."

"Na kurudi?"

Bwana Meneja alishika dadu, akaziweka chini. "Mchezo huisha kabla ya hapo, Mwalimu."

Baba akapanda baiskeli yake. Hakulitaja jambo hilo tena, nami sikulitaja.

Uhuru ulipokaribia, Bwana Meneja aliondoka na meza yake ndani ya makreti. Mimi nilifika chuo kikuu, nikaandika tasnifu nzima juu ya wapagazi wa vita, yenye tanbihi nyingi, bila kusema kwamba niliwahi kuwasuka kwa waya. Meza iliishia kwenye lile jumba la makumbusho Ulaya, na walipoiona tasnifu yangu wakaniandikia kuuliza fundi wa wale kumi na wawili ni nani, nami nikajibu kwamba sina habari.

Miezi michache baadaye simu ya ofisini kwangu Dar es Salaam ililia. Baba alikuwa posta ya Tanga.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Kaja hapa mtafiti kutoka huko iliko meza ya Mzungu wako. Anasema umewajibu huna habari."

Niliusukuma mlango wa ofisi kwa mguu, ukafunga.

"Mwanangu, wale uliwafanya wewe."

"Ndiyo, Baba."

"Nilijua siku ile ile. Nikasema nikungoje. Umesoma, umesomesha, bado nangoja."

"Na dhambi ya sanamu?"

"Hiyo tutaulizwa wote wawili, wewe uliyefanya na mimi niliyeona nikanyamaza. Sasa sikiliza, dakika zinakwisha. Wanataka kuandika jina la fundi kwenye kadi. Waandike lako. Na chini yake waandike la baba yangu, maana hajaandikwa popote." Akakohoa. "Shika kalamu, nikutajie jina lake kamili."