Mti Uliochirizika Nyuma ya Nyumba

Nilipokuwa mtoto pale Takoma Park, ughaibuni, nyuma ya nyumba tuliyopanga palikuwa na mti wa betula, gome lake likibanduka kama karatasi. Majirani walikuwa na miti kama huo. Baridi ilipoanza kulegea waliitoboa, wakakinga maji yake na kuyanywa. Baba, mtoto wa mgema wa Tanga, aliposikia hayo alicheka sana. "Kumbe hata huku watu wanagema!"

Tatizo ni kwamba aligema kama kwao. Betula hutobolewa tundu moja, likaachwa litone. Mnazi hukatwa upya asubuhi na jioni ili tembo lisikauke, na Baba akafanya vivyo hivyo: kila asubuhi tundu jipya. Haukupita muda, shina zima likawa linachirizika na chini pakawa tope.

Bibi, mama yake Baba, alikuwa amekuja kutoka Tanga kwa sababu Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu. Alisimama dirishani, khanga juu ya koti.

"Baba yako hakugema mimi nikiwa mzito," alimwambia Baba. "Mti ukichirizika, na mwenye mimba huchirizika. Uzibe."

"Mama, huu mti wa Kizungu. Hausikii Kiswahili."

"Kwani kulia kuna lugha?"

Mama alicheka, akavaa viatu vyake vyeupe, akaenda kazini kwenye nyumba ya wazee.

Wiki hiyohiyo chupa ya uzazi ikampasukia Mama jikoni, miezi miwili kabla ya wakati. Baba alimkimbiza hospitali. Bibi akanivuta uani, tukaziba matundu kwa vitambaa na nta ya mshumaa. Maji yakapenya. Nikakandamiza kwa viganja, yakanitiririka baridi hadi viwikoni, nami nikiamini kabisa kwamba nikiachia, Mama atakufa.

"Bibi, hayakomi!"

"Kaza, mjukuu wangu. Kaza tu."

Mdogo wangu alizaliwa mdogo kama mkate, akaishi. Baba hakuugusa mti ule tena.

Mwaka huu mimba ni yangu. Nimesoma; najua chupa hupasuka mapema kwa sababu nyingi, na mara nyingine sababu haijulikani. Hata hivyo nikiona mti umetobolewa, navuka barabara. Najua pia jambo ambalo nyumbani hatukulisema: mimba ile yote Mama alikuwa akiinua wazee vitandani, zamu juu ya zamu. Mti tuliuacha upumzike. Mama alirudi kazini mtoto akiwa bado hospitali, kwenye joto la mashine.

Majuzi Bibi alipiga simu. "Hapo kwako hakuna mti unaochirizika?"

"Hakuna, Bibi."

Mama, aliyekuwa kando yangu akikunja nguo za mtoto, hakuinua macho. "Na kazini," aliniuliza, "wanakuacha ukae?"

Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza yeye hivyo.